Siku Mama Alipokataa Kuku

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo sitazunguka.

Juzi jirani alibabua kuku kwa moto wa mabua. Harufu ya manyoya ikaniingilia mpaka chumbani, nikajiona mtoto wa miaka minane, kijijini kwetu Mukuju, upande wa Uganda, nimechuchumaa jikoni nikimeza mate. Siku zile kwetu mwanamke hakula kuku. Kumfuga, tulimfuga, kumpika, tulimpika, kumla, hapana. Walisema msichana akionja hatazaa. Firigisi ndiyo usiitaje kabisa, hiyo ni ya mwenye nyumba. Nami niliitamani kuliko nguo ya Krismasi.

Baba alikuwa akivusha mizigo kwa baiskeli mpakani Busia. Huko alisikia watu wakibishana siasa, akarudi kifua mbele.

"Leo hapa kwangu iko uhuru," akatangaza. "Hakuna kukataza mtu. Wanawake, kula kuku!"

Shangazi, dada yake, alikuwa ametutembelea. Alicheka mpaka akashika mlango. "Wewe kaka, uhuru gani huo? Bakuli inaanza kwa wanaume, ikifika huku ni mchuzi na shingo. Tutatafuna ruhusa?" Akalinyakua bakuli, akalitua mbele ya mama.

Mama akalitazama. "Mimi sitaki."

Baba akapandisha sauti. "Nimesema uko huru. Kula!"

"Baba Athieno," mama akasema polepole, "umenipa ruhusa ama umenipa amri?"

Baba akavuta kigoda, akakaa. Shangazi naye akalirudisha bakulini lile paja alilokuwa ameshamsogezea mama.

Mama akaokota firigisi, akanigeukia. "Athieno, wewe unataka?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanipa. Nilitafuna huku akinitazama kama mtu anayemwona mwanawe akivuka mto. Ilikuwa ngumu, tena ina mchanga kidogo. Sijala tena kitu kitamu hivyo.

Mjukuu wangu wa chuo ameniambia kuna kitu kinaitwa uliberali, na wenyewe hawasikilizani. Wengine wanasema serikali iondoe mkono tu, mtu ajiamulie mambo yake. Wengine wanauliza, mkono ukiondoka na mtu hana chakula wala shule, ameachiwa nini? "Na wale wanaomlazimisha mtu awe huru?" nikamuuliza. Akakuna kichwa, akasema hao hawakosekani popote. Nikacheka peke yangu; wote hao niliwaona jikoni kwetu.

Mama hakuonja kuku mpaka tulipomzika. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, alimpakata akalia sana, na mimi mjinga nikadhani ni furaha tu. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima hasa: yale maneno ya kutozaa aliyaamini. Miaka yote ile alikuwa akihesabu miezi yangu kimyakimya, na hakunitamkia hata siku moja kwamba afadhali ningekataa.

Basi, kwangu nimeagiza hivi, na atakayebisha ajipikie: bakuli lipite kwa kila mtu likiwa bado na nyama, na anayelipitisha bila kuchukua, asiulizwe kwa nini.