Bibi wa Kitambaa Cheupe

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijiji kimoja nje ya Sumbawanga, wakati padri mmoja mzee aliponifundisha kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta. Alinipa picha iliyokatwa kitabuni: bibi wa Ulaya ya kale, kitambaa cheupe kichwani, aliyechorwa karne nyingi zilizopita.

"Mchore huyu huyu, jinsi alivyo," aliniambia.

Miezi minne, kila Jumamosi, nilihangaika naye kwenye kipande cha amerikani nilichokipaka gundi. Niligundua kwamba kivuli cha shavu si cheusi. Kina kijani na kahawia. Macho niliyafuta sijui mara ngapi. Siku yalipokaa sawa, nilishindwa hata kula.

Wiki ileile mgambo wakaja na lori. Tulitakiwa kuhamia kijiji kipya cha ujamaa siku hiyohiyo. Walianza kubomoa paa nikiwa bado natoa vyombo. Ofisa aliyewaongoza, kijana wa rika langu, akaishika picha.

"Haijakauka," nikamwambia. "Niachie, nitatembea nayo kwa miguu."

"Mwalimu, wenzako wanahama, wewe unahangaika na mzungu?"

Akaitupa ndani ya lori. Wakapanga magunia ya ulezi juu yake.

Tulipofika, uso wa bibi ulikuwa umebaki kwenye gunia. Nilimpelekea padri kile kipande cha amerikani.

"Pole, mwanangu. Mungu anakufundisha uvumilivu."

"Si Mungu, Baba. Ni mtu, na jina lake nalijua."

Niliandika barua ya malalamiko wilayani. Jibu lilinitaka nijieleze kwa nini mwalimu anapoteza muda na picha za mabwanyenye. Niliichana barua yao, nikaanza kumchora bibi upya kwenye nyumba isiyo na mlango, huku vumbi likinasa kwenye rangi. Nilichora kwa hasira tupu. Padri alipoiona alitikisa kichwa.

"Mdomo si wake. Huyu bibi hakukasirika."

"Nimeona, Baba. Naacha hivyohivyo."

Miaka mingi baadaye nilikutana na yule ofisa sokoni Sumbawanga. Alinichangamkia, akaniuliza kama bado nachora, kana kwamba tuliachana kwa wema. Nilimpita bila kumjibu. Watu wakasema mwalimu ana kiburi. Waseme.