Taa za Zizi la Kakenya

Kwa miaka minne Naserian alikuwa kibarua wa nyota. Usicheke. Kazi hiyo ipo, ng'ambo ya Magadi, kwenye lodge ya kifahari ambako wageni hulala chini ya paa la kioo ili watazame mbingu wakiwa kitandani. Matangazo ya lodge huliita eneo hilo jangwa. Kakenya, mama yake Naserian, ambaye zizi lake liko kwenye kilima cha mbele, huliita malisho.

Kila jioni wageni wakiwapo, baada ya chakula, Naserian alipanda kwenye roshani na tochi ya mwale wa kijani, akawaonyesha wageni Kilimia, nyota alizofundishwa na mama yake wakikamua mbuzi. Alisomea utalii Kitengela, na hadi leo amepanga chumba huko huko, mtaa wa Noonkopir, ambako taa za barabarani zimezifuta nyota zote. Alizijua nyota kuliko meneja wake, Bwana Githongo, aliyejifunza kwa simu. Lakini Githongo ndiye aliyekuwa na barua ya ajira. Naserian aliitwa wageni wakija na kusahauliwa wakiondoka, na jambo hilo lilimkereketa maini.

Mwezi wa pili wakafika wapiga picha kumi, wa siku tatu. Usiku wa kwanza tu wakalalamika: kilimani kulikuwa na taa zinazopepesa, na kila picha ilitoka na doa. Asubuhi Githongo akamwita.

"Naserian, hizo taa si ni za kwenu?"

"Ni za mama. Za kufukuza fisi."

"Ongea na yeye azime, ni siku mbili tu. Barua yako ya permanent iko kwa meza, imebaki kusainiwa. Hawa watu wakienda wakiwa happy, nasaini."

Taa hizo zilifungwa na Felix, kaka yake, kuzunguka zizi lote kwa betri kuukuu ya pikipiki. Huwaka na kuzima kwa zamu, fisi akadhani kuna mtu anatembea na tochi. Tangu zifungwe, hakuna mbuzi aliyeliwa. Naserian aliyajua hayo yote, na bado akapanda kilima saa sita mchana.

"Takwenya, enkerai ai," mama yake akamsalimia kwa Kimaasai, akimwita mwanangu.

"Iko, yeyo," akamwitikia mama yake.

Akamweleza. Kakenya akacheka hadi akashika kiuno.

"Wametoka mbali yote hiyo kuangalia giza?"

"Wanaangalia nyota, yeyo. Kwao taa ni mingi, nyota haionekani."

"Si wazime zao?"

Angeaga hapo, mambo yangeisha. Badala yake akaitaja barua.

"Felix yuko Namanga, soko ya ng'ombe, hakuna wa kulinda usiku," mama yake akasema. "Lakini kama inakusaidia, nitazima. Nitawasha moto."

"Moto pia uwe kidogo, yeyo."

Ndiyo, alisema hivyo, kwa mdomo wake mwenyewe.

Usiku huo alikuwa katikati ya maelezo ya Kilimia fisi walipolia kilimani. Mwanzoni walikuwa wanaitana tu. Halafu kikaja kile kicheko cha fisi wanaonyang'anyana nyama, na mtu aliyezaliwa pale hawezi kukikosea.

Wageni walifurahi ajabu. Mmoja akatoa kinasa sauti. Naserian akamsogelea Githongo, akamwomba gari kwa kunong'ona. Githongo akamwambia taa za gari zingeharibu picha, akamzungushia kidole: endelea. Naye akaendelea. Hilo hajajisamehe. Kwa dakika ishirini nzima aliwaeleza watu wale jinsi wafugaji wanavyotazama Kilimia kujua mvua, kwa sauti tamu ya kazini, huku mbuzi wa mama yake wakiliwa.

Alfajiri alipanda kilima akikaribia kukimbia. Mbuzi sita. Kakenya alikuwa amechuchumaa, anachuna wa mwisho aliyebaki na ngozi ya kufaa. Hakumlaumu. Alifuta kisu, akainua macho.

"Na wageni," akauliza, "waliona vizuri?"

Hakukuwa na kejeli. Aliuliza kama mwenyeji yeyote anayetaka kujua kama wageni wa binti yake walishiba.

"Waliona, yeyo."

Naserian akaketi kando ya ua wa miiba, akalia kwa hasira. Hasira kidogo ilikuwa kwa Githongo. Iliyobaki yote ilikuwa juu yake mwenyewe.

Siku hiyo hakurudi kazini. Jioni, wageni wakiwa wanapanda roshani kwa usiku wao wa mwisho, alizifunga taa upya, zote kumi na nne. Kumi akazielekeza nje ya zizi, fisi wanakotokea. Nne akazielekeza lodge.