Mate ya Mwalimu

Nilipokuwa mtoto wa nasari, miaka ya tisini, nilibarikiwa kila asubuhi na nikaoshwa kila asubuhi. Kogo, nyanya yangu mzaa baba, alinisindikiza kupitia shamba letu la chai, kule juu ya Litein, na tukifika getini aliniinamisha kichwa akanitemea mate utosini. Kwetu Wakipsigis mkubwa humbariki mtoto hivyo. Mate yake yalinukia mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na tumbaku kidogo. Sikuwahi kuyaonea kinyaa. Kinyaa nilifundishwa shuleni, pamoja na a, e, i, o, u.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo aliyetoka mbali, msafi kupita kiasi. Alingoja kogo apotelee kwenye majani, akanivuta sikio hadi bombani na kunisugua kichwa kwa sabuni ya mche.

"Hii ni uchafu," aliwaambia wenzangu. "Mate inabeba magonjwa. Mmesikia?"

"Ndiyo, mwalimu," waliitikia kwa wimbo.

Povu liliniingia machoni. Hata leo sinunui sabuni ile.

Siku moja mwalimu alikuja kwetu kumpongeza mama kwa kujifungua. Alimpakata ndugu yangu Kibet, akamrusharusha na kumsifu unono wake, uzuri wake, macho yake. Kwetu, ukimsifu mtoto mchanga bila kumtemea, jicho lako linabaki juu yake na kumdhuru, hata kama unampenda. Tulimngoja ateme. Yeye alimaliza chai yake akaaga.

Kesho yake Kibet alikataa kunyonya. Mwili ulikuwa moto. Mama alimkimbiza dispensari akapewa dawa, lakini alizitapika, na macho yakaanza kuingia ndani. Ndipo kogo alipovaa gambuti zake akaenda nasari, akarudi na mwalimu.

"Sisi hatuna hasira," kogo alimwambia kwa Kiswahili chake kidogo. "Wewe ulisifu mtoto. Temea yeye tu."

"Mama, huo ni ushenzi. Mpelekeni hospitali."

"Dawa anapewa," mama alisema huku akilia. "Na wewe utatema. Nakuomba, mwalimu."

Mwalimu alitazama mlango. Majirani walikuwa wamejaa pale. Akainama, akayakusanya mate kama mtu aliyebugia mafuta ya taa, akamtemea Kibet kifuani. Kisha akafanya jambo ambalo linanichefua mpaka leo: alitoa hanchifu, akamfuta mtoto kifua chote, akajifuta mdomo, na alipotoka akaitupa hanchifu hiyo chooni.

Hakuna aliyemfuata. Kogo alipiga magoti, akatema yeye mwenyewe pale palipofutwa. Kibet alipona baada ya siku chache. Kama ni dawa au ni mate ya kogo, sijui, na siku hizi sibishani na yeyote. Mama hakunirudisha kwa mwalimu yule tena.

Leo mimi mwenyewe ni mwalimu wa nasari, upande wa Bomet. Kwenye semina tunapewa maswali ya kujipima: je, unaheshimu mila za nyumbani kwa kila mtoto? Wote tunaweka tiki kwenye ndiyo, halafu tunangoja chakula cha mchana. Naona kichefuchefu. Yule mwalimu angeweka tiki pia, na asingekuwa anadanganya. Si alikuja? Si aliinama akatema?

Muhula uliopita, mama mmoja mchuma chai, mgeni kutoka Kisii, alimleta binti yake hadi mlangoni pa darasa, huku amebeba mtoto mchanga mgongoni. Mtoto huyo alikuwa na mafua. Yule mama alimshusha, akaweka mdomo kwenye pua yake, akafyonza kamasi, akatema kwenye nyasi. Kisha akaninyooshea mkono kunisalimu.

Niliushika mkono ule, nikaushika kwa nguvu, nikatabasamu. Lakini uso wangu ulikuwa umetangulia kukunjamana, na alikuwa ameshauona.