Tapeti Iliyolia Njia ya Kyuso

Kuna asubuhi moja ya mjini Mwingi, mwanangu, ambayo masikio yangu hayajaisahau. Niliamka nikamsikia kaka yangu Musyoka akiwasha gari lake la mbio uani, na injini ikanguruma laini, bila ule mlio wa ta-ta-ta niliouzoea. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilitoka nje mbio, sijafunga hata leso vizuri.

Juzi uliponiletea gari lako hapa Mukuyuni ukaniambia, "Susu, nyamazisha tu hii kelele niende," mimi nyanya yako nilikujibu kwamba tutazungumza kwanza. Haya, kaa basi.

Siku hizo nilikuwa msichana wa gereji, na watu walikuja kunitazama kama sinema. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Athmani. Babu zake walipanda kutoka pwani wakafungua duka Mwingi, naye akaacha duka akafuata injini. Alinionyesha vyuma vifupi vilivyo juu ya injini, viitwavyo roka, vinavyopanda na kushuka kama mikono ya watu wanaotwanga, kila kimoja kikisukuma vali yake, kile kilango cha hewa na moshi, ifunguke. Kati ya roka na vali huachwa nafasi nyembamba kama ukucha, na kuirekebisha nafasi hiyo ndiko mafundi tunakoita kuseti tapeti. Chuma kikipata moto hurefuka, na nafasi hiyo ndiyo kinayorefukia. Injini ya mbio hupata moto mwingi, kwa hivyo huachiwa nafasi zaidi, na lazima ilie kidogo. Mzee Athmani alisema hiyo ndiyo sauti yake ya afya.

Lakini ya Musyoka ilikuwa imezidi, na mlio ulitoka mahali pamoja. Jana yake nilikuwa nimemwambia kwamba roka moja imelika ncha mpaka ikafanya kishimo. Fila, lile bamba jembamba la kupimia, hupita juu ya kishimo kama daraja, kwa hivyo unapima sawasawa na bado unadanganyika. Nilimwambia tungoje roka nyingine. Yeye hakutaka kungoja. Alikuwa ameingia mashindano ya kwenda Kyuso na kurudi, na vijana wa mjini walikuwa wakimcheka eti anaendesha cherehani.

"Umeifanyaje?" nikamuuliza.

"Nimebana tapeti zote. Si unasikia vile imetulia?"

"Musyoka, vali zitaungua. Vali ikipata moto haitafunga."

"Wewe kazi yako ni kukaa kando yangu na kunisomea njia. Injini niachie mimi."

Nikapanda. Usiniulize kwa nini. Alikuwa kaka yangu, na sikutaka akwame kule akiwa na mtu asiyejua injini. Niliweka fila na spana chini ya kiti, pamoja na dumu la maji.

Mwanzoni tulikwenda vizuri kabisa. Musyoka akawa anaimba. Kisha, Kyuso ikiwa karibu, nikasikia kabureta ikipiga chafya, na gari likaanza kuchoka.

"Simama," nikamwambia.

"Tumekaribia."

"Simama! Hiyo ni vali inavuja."

Akakanyaga mafuta zaidi. Tulipofika kwenye mlima mdogo, gari lilijikongoja hadi kwenye kona nyembamba karibu na kilele, likazima. Huku ukingo wa mawe, huku korongo. Na nyuma yetu, mwanangu, nilisikia gari lingine la mashindano linapanda, nalo haliwezi kutuona mpaka lifike juu yetu.

Sijui nilishukaje. Nilikimbia kurudi chini nikipunga leso na kupiga mayowe. Dereva akaniona, akakata usukani, akapita kati yangu na ule ukingo wa mawe, akalikwepa na gari letu, vumbi likanimeza. Vumbi lilipotua nilikuwa nimekaa chini, na Musyoka alikuwa anakuja mbio akiita jina langu kama mtu aliyefiwa.

Watu waliokuwa wakivuna ndengu karibu na hapo walikuja wakatusaidia kulisukuma gari nje ya njia. Mama mwenye shamba akatupa uji, wala hakutuuliza maswali. Musyoka alishika kibuyu lakini hakunywa.

"Wangekugonga," akasema.

Tulikaa hapo hadi injini ikapoa. Ndipo akachukua spana mwenyewe, akanipa.

"Nionyeshe."

Tukafungua kifuniko. Yeye akawa anazungusha injini taratibu kwa mkono, mimi nikipima, na kila tapeti aliyoibana tukailegeza hadi fila ikapita na kukwaruza kidogo tu. Ile ya roka yenye kishimo niliiseti kwa kuitingisha kwa vidole, kwa kukadiria. Tulipowasha, ta-ta-ta ikarudi, na ile moja ikilia juu ya wenzake wote.

"Wacha ilie," Musyoka akasema.

Tulirudi polepole. Tulipoingia Mwingi mashindano yalikuwa yamekwisha na watu wametawanyika. Mzee Athmani alipofungua injini, alikuta vali moja imeanza kuungua ukingo. Akaiweka kwenye kiganja cha Musyoka.

"Moja ilikuwa inalia, ukazikaba zote," akamwambia. "Hukutibu kitu, kijana. Umeziba mdomo tu."

Miaka mingi baadaye, mkewe alipokuwa ananung'unika kila jioni, Musyoka alikuja hapa kwangu. Nikadhani amekuja kumsema. Akaniambia, "Nataka nijue ni nini kimelika pale nyumbani." Akarudi kwao kijijini Tulia, akamuuliza mkewe, akaketi akamsikiliza mpaka mwisho. Sijui walichoambiana. Najua tu kwamba bado wako pamoja.

Kwa hivyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kitu kikikupigia kelele, iwe gari, mwili wako, mtoto au mtu unayempenda, usikimbilie kukinyamazisha. Uliza kwanza kinalilia nini, na kinalilia wapi. Kelele nyingine ni ya uzima, hiyo izoee. Nyingine ina jeraha. Hiyo itafute mpaka uipate ilipo, uitibu hapo hapo, na usiwaonee wengine wasio na kosa. Na anayekuambia simama, simama. Kukasirika utakasirika baadaye, mkiwa salama.

Gari lako tutalifungua kesho asubuhi likiwa baridi. Wewe utazungusha, mimi nitapima.

Mungu akulinde kwenye kila kona usiyoiona mbele. Akupe subira ya kusikia, na mkono mwepesi wa kurekebisha. Na kila utakapoondoka, mwanangu, akurudishe mzima kwa watu wako.