Kiti Kilichonibana Siku ya Kumuoza Binti Yangu

Msikiti wenyewe uko kona ya pili tu kutoka kwangu, hapa Mji wa Kale, na mwenye akili zake angekwenda kwa miguu. Lakini siku ile nilikuwa namuoza kitinda mimba wangu, na shemeji yangu alikuwa ameniazima gari lake la kisasa, la viti vya umeme, ukibonyeza swichi ya ubavuni kiti chaenda mbele, chaenda nyuma, chapanda, chashuka. Nikasema, na nifike kwa gari, watu wanione. Nilikuwa nimevaa joho. Joho lile nalo lina habari yake, lakini tuliwache.

Shule mimi niliionja tu. Kwa hivyo yale maneno ya kuozesha, ya Kiarabu, niliyasoma kwa tabu, nikiyasema bafuni, nikiyasema sokoni Liwatoni mbele ya samaki, hata muuzaji mmoja akaniuliza, "Mzee, wanunua changu ama wamuoza?" Mdogo wangu ana sauti tamu na chuoni kwa Kurani alikaa sana, akajitolea awe wakili wangu, aozeshe kwa niaba yangu. Ningemwachia, wallahi. Lakini binti yangu alinijia jikoni akanambia, "Baba, niozeshe wewe. Si ami." Sasa hapo utasema nini?

Baada ya alasiri nikaingia garini. Dada yangu akaja na mrashi wake, akaninyunyizia marashi mimi, akakinyunyizia kiti, akanyunyizia kila alichokifikia, mpaka nikahisi nimelowa. Nikafunga mlango. Sikugusa kitu! Kiti kikaanza kwenda mbele chenyewe, nnnng, polepole, kama mtu anayenong'ona. Nikabonyeza nyuma, hakisikii. Tumbo likaufikia usukani, likaifikia honi, halafu, tak, kikanyamaza hapo hapo.

Piiii!

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikavuta pumzi nipige kelele, piiii, vigelegele. Kila nikivuta pumzi honi yalia, na kila honi ikilia wanawake waitikia. Mimi nami, Mungu anisamehe, nikaanza kucheka, na tumbo langu likicheka latikisika, basi honi ikawa pi-pi-pi-pi, na jirani yangu mmoja mtu mzima akafunga leso kiunoni akaanza kucheza. Hakuna aliyejua kuwa nimebanwa. Walidhani ni furaha.

Mdogo wangu ndiye aliyekuja dirishani.

"Kaka, msikiti umejaa. Mbona hushuki?"

"Nimebanwa." Piii.

"Basi nipe uwakili, nikamuozeshe. Wewe kaa hapa utupigie honi."

"Ng'o!" Piiiiii.

Bahati yangu, kati ya wageni alikuwako fundi wa waya za magari wa kule Mwembe Tayari. Akaikunja kanzu yake nyeupe, akafungua mlango, akalala ubavu barabarani kama aliye kwake.

"Mzee, bonyeza nyuma."

"Nimebonyeza."

"Wasikia nini?"

"Nasikia pilau ya mchana."

Akazunguka, akakijaribu kiti cha abiria. Kikaenda mbele na nyuma vizuri. "Fyuzi ya viti hivi ni moja," akasema, "basi ni nzima." Akarudi, akaingiza mkono chini yangu na testa, ile taa ndogo ya kupimia umeme, akaigusisha kwenye waya za mota. Nikabonyeza tena. Taa haikuwaka. "Mota haina kosa, hailetewi amri. Ni swichi." Akaisogezea pua, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Swichi imeogeshwa marashi!"

"Mimi nabariki, nyinyi mwanishtaki!" dada yangu akajibu.

Kuikausha kungechukua muda, na mdogo wangu ashaanza kukohoa kohoa, yuwaisafisha sauti yake. Fundi akaing'oa swichi ya abiria, akaichomeka kwenye plagi yangu.

"Haya, bonyeza nyuma."

Kikaja mbele! Honi ikalia bila kukata, mato yakanitoka.

"Kinyume, mzee, kinyume! Swichi hiyo ni ya upande wa pili! Bonyeza mbele!"

Nikabonyeza mbele, kiti kikarudi nyuma, tumbo langu likarudi mahali pake, nikatoka, nikaingia msikitini joho liko begani kama taulo. Mdogo wangu nyuma yangu, anong'ona, "Kaka, ukisahau nitakukumbusha."

Sikusahau. Nikaushika mkono wa bwana harusi, nikayasema yote, mpaka mwisho, bila kukwama. Kijana akajibu amekubali. Mimi nikayasema tena.

"Bwana, yatosha," sheikh akanambia. "Ashaolewa."

Nikamwambia najua. Nikayasema mara nyingine.