Minyoo Niliyoiita Askari

Ipo siku moja pale Malinya ninayoikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka. Lakini kwanza ujue anayekuambia haya ni nani. Ujanani nilikata miwa mpaka mikono ikaota sugu, kisha nikaenda ng'ambo na kurudi na stashahada ya maabara. Hakuna mkubwa aliyeniandikia barua ya kunipendekeza. Stashahada hiyo bado iko ukutani, na fremu yake niliitengeneza mwenyewe.

Niliporudi nilipata kazi kwa Daktari Ayuma, mtafiti aliyechunguza watoto wa kwetu Ikolomani. Alitaka kujua kwa nini wengine wana pumu na mizio, yaani mwili kukasirikia vumbi au chakula kisicho na kosa, na wengine hawana. Na kama minyoo ya tumboni inahusika. Kazi yangu ilikuwa kupokea vikopo vya choo kutoka kwa akina mama na kutafuta mayai ya minyoo kwa darubini. Hakuna aliyeyaona upesi kuliko mimi. Daktari mwenyewe alikiri.

Ila sokoni waliniita Bwana Choo. "Bwana Choo, ulienda ng'ambo kusomea hayo?" Wakacheka mpaka wakashika magoti. Mimi, mwenye stashahada! Iliniuma sana.

Basi nikamsikia Daktari akisema kwamba watoto wenye minyoo, alipowapima mzio wa vumbi kwenye ngozi ya mkono, hawakuvimba sana. Alilisema jambo hilo polepole, kama mtu asiye na hakika. Mimi nikalipeleka mbio kwa dada yangu Mmbone.

Mmbone alikuwa na binti wa miaka saba, Khavetsa, mwenye pumu. Kila nilipowatembelea alichinja kuku, na firigisi ikawekwa kwenye sahani yangu, kwa maana kwetu firigisi ni ya mtu wa heshima. Siku hiyo niliitafuna huku nikifundisha.

"Dada, dawa ya minyoo wanayoleta shuleni, usimpe. Hiyo minyoo ni askari, inalinda kifua chake. Na hii pampu ya kuvuta dawa iweke mbali, inazoeza mapafu uvivu."

"Na akibanwa?"

"Nani amesoma hapa?"

Akacheka. "Wewe. Unapendanga kutukumbusha."

Akaitia pampu kwenye kopo la majani chai, juu ya kabati. Niliiona kwa macho yangu, nikafurahi.

Miezi ikapita bila neno, nami nikatembea kifua mbele. Kisha ikaja asubuhi ya kupiganisha mafahali pale Malinya. Mafahali wakavurugana, vumbi likapanda, watu wakapiga filimbi na kukimbia huku na huku. Khavetsa akaanza kukohoa. Mabega yakapanda na kushuka, midomo ikabadilika rangi. Pampu ilikuwa nyumbani, ndani ya kopo. Mmbone hakupiga kelele. Alinitazama.

"Askari wako wako wapi?"

Tulimkimbiza kwa pikipiki, mama amemkumbatia, mimi nikifuata kwa miguu. Hospitalini pumzi ilirudi. Lakini muuguzi alifunua ukope wa mtoto, akaona ndani yake ni peupe. Akapimwa: damu ilikuwa kidogo mno. Safura, minyoo ile inayonyonya damu, ilikuwa imejaa tumboni. Mwanangu, vikopo vya watoto wa watu wote vilipita mikononi mwangu. Kikopo cha mtoto wa dada yangu sikuwahi kukiomba.

Daktari Ayuma alipata habari kwa muuguzi, akaja wodini, akanisimamisha mbele ya wagonjwa.

"Nilisema minyoo ni dawa?"

"Hapana, Daktari."

"Nilisema mtu aache pampu?"

"Hukusema."

"Hata mimi sijui bado, na ndiyo maana natafuta. Wewe nani alikutuma na jibu? Na ngozi ya mkono ilikuwa kifua tangu lini?"

Nilimchukia kwa kunisema mbele za watu. Nilimchukia kwa miaka, maana alisema kweli.

Khavetsa alipona. Leo ni mwalimu Likuyani, na pampu haitoki mkobani mwake. Mmbone hajawahi kulitaja jambo lile. Ila tangu siku hiyo nikienda kwake, kuku huja na firigisi haiji. Krismasi iliyopita alimwekea fundi aliyekuja kurekebisha paa. Mimi nilipewa shingo. Nikala, nikasema asante.

Kwa hiyo jivunie karatasi zako, mwanangu. Mimi bado najivunia yangu. Lakini usimnyime mtoto dawa yake kwa habari uliyoisikia nusu, hata ikiwa imetoka kinywani mwa daktari. Mpeleke kwanza kwa anayemtibu, uulize. Na jambo usilolijua, sema hulijui, hata wakikuita jina baya kuliko langu.

Mungu akupe elimu, na wewe na watoto wa dada zako akupeni pumzi isiyokatika. Na kila nyumba ya ndugu utakayoingia, firigisi iwekwe kwenye sahani yako mpaka uzeeni.