Mistari ya Shangazi

Jumapili ile nilimkuta shangazi kapendeza kwa ajili ya misa ya shukrani, na nilipojua kilichofanyika nilitaka kupiga kelele. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuwa amemwogesha kwa dodoki mpaka anang'aa, ili aende kanisani safi. Alama za wino kifuani, zile za kuonyesha mionzi ya kutibu uvimbe ipite wapi, zikaenda na povu. Kwa hofu, mkwe akazichora upya kwa maka peni ya kuandikia magunia ya vitunguu. Tena alichora vizuri, jamani, mistari imenyooka kuliko ya hospitali.

"Ila sijui kama ni pale pale," akaninong'oneza.

Hapo Karatu wote waliniita daktari. Mimi si daktari. Nasomea fizikia tiba, upimaji wa mionzi ya hospitali, na aliye mafunzoni hamgusi mgonjwa bila msimamizi wake kusimama pembeni, hata kama anajua kazi. Ndilo sharti la kwanza tulilopewa. Shangazi hakutaka kulisikia. Hospitali walishamrudisha nyumbani mashine ilipoharibika, na alikuwa ameapa kwamba wakimrudisha tena, ndiyo basi, uvimbe umle tu.

"Rekebisha wewe," akasema. "Si ndicho unachosomea?"

Kuchora nilijua. Mahali penyewe ndipo sikupajua, na kosa la vidole viwili lingepeleka mionzi kwenye moyo. Nikakataa. Nikampigia msimamizi simu, akasema nisifute, nisiongeze, nimlete. Kesho yake kwenye basi shangazi aliangalia dirishani njia nzima, hata shikamoo yangu hakuitikia.

Hospitali walimpiga picha. Mistari ya mkwe ilikuwa imehama, tena si kidogo. Walipomwambia asubiri apimwe upya, alijifunga kanga yake akaelekea mlangoni. Nikamkimbilia, nikamzibia njia, jambo ambalo kwetu humfanyii shangazi yako.

"Ningechora, shangazi, ningekuua."

Nikaanza kulia, mtu mzima mimi, kwenye korido iliyojaa wagonjwa. Akarudi kukaa kwenye benchi.

Jioni alilazwa chini ya mashine, alama mpya bado mbichi. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Usiniache," akasema.

Nikamwacha. Mashine ikiwashwa, chumbani habaki mtu ila mgonjwa.